Ndege Ikishatua

Mwanangu Tekla,

Naandika ukiwa saluni unasukwa. Mama yako yuko uani anakaanga karanga utakazobeba, na moshi wa kuni unaingia mpaka hapa sebuleni nilipokaa. Kesho mjomba wako Kosmas atakuja na gari lake kutupeleka Dar. Ninavyotujua, njia nzima tutazungumza habari za joto la Chalinze na foleni ya Kibaha. Tukifika uwanja wa ndege utanishika mkono, nami nitasema, "Haya mama, safari njema," basi. Kwa hiyo nayasema hapa yale nitakayoshindwa kuyasema pale.

Habari za koti, za pasi, za kutompa mtu usiyemjua mkoba wako akushikie, sitaziandika. Hizo umeambiwa na kila aliyepita nyumbani wiki hii, na nimekuona ukiitikia "ndiyo shangazi, ndiyo shangazi" huku ukitazama mlango. Mimi ni bwana shamba mstaafu. Miaka yote ya kazi nimeandika taarifa, za miwa ya Turiani, za mpunga wa Dakawa, na taarifa huanza na tatizo ikaisha na mapendekezo. Hii nimejaribu kuianza hivyo ikanishinda. Acha niende kama mtu anayesimulia.

Nataka kukusimulia habari za kaka yako Deo na za yale madirisha ya kwenye kompyuta. Nyingine unazijua, ulikuwepo. Nyingine zilitokea ukiwa chuoni, na mimi na mama yako hatukukuambia.

Unakumbuka Deo alipopata ile kazi ya ghalani kule Uarabuni. Sisi tulichokiogopa ilikuwa ndege. Katika ukoo mzima hapakuwa na mtu aliyewahi kupanda ndege, na mama yako alikosa hamu ya kula, kila akilala anaota ndege imeanguka baharini. Ndipo ukaja na kompyuta yako, ukaiweka mezani, ukasema, "Mama, njoo uone. Hii programu inafuatilia ndege. Karibu kila ndege iliyoko angani sasa hivi iko hapa."

Alikuja akijifunga kanga vizuri kana kwamba anakwenda kupokea mgeni. Ramani ilikuwa imejaa alama za njano, nyingi kama kumbikumbi kwenye taa. Mama yako akarudi nyuma.

"Zote hizi? Na hazigongani?"

Ulicheka. Ukamwambia hakuna haja ya kuzitazama zote. Ukaivuta ramani mpaka Dar ikawa chini na miji ya Ghuba ikawa juu. Ukaziondoa ndege zisizotuhusu, ukachagua pembeni ya ndege paandikwe namba ya safari na kimo chake, ukaigeuza ramani kuwa nyeusi ili njia ionekane vizuri. Halafu ukasema, "Nimesevu. Mkifungua tena itakuja hivihivi." Wewe uliuita mwonekano. Mama yako akauliza, "Kwa hiyo ni kama dirisha?" Na tangu hapo humu ndani likawa dirisha.

Siku ya safari tulimsindikiza Deo mpaka stendi ya Msamvu tu, tukarudi kukaa mbele ya dirisha. Tulimfuata kutoka Dar, akapita Mombasa, akapita bahari, mpaka alama ikafika juu kabisa, ikapunguza mwendo, ikatua. Mama yako alipiga vigelegele mpaka mama Zuhura wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Nilivua miwani nikaifuta. Tukasema mtoto amefika. Tukazima kompyuta, tukala kama watu waliotoka kufunga.

Kwa muda mrefu baada ya msiba nilidhani kosa langu lilikuwa kumruhusu aende. Sasa sidhani hivyo. Watu wanakwenda, na mtoto mzima huwezi kumfungia ndani. Kosa langu ni pale nilipozima kompyuta nikaona hatari imekwisha kwa sababu magurudumu yamegusa chini.

Deo alikuwa akipiga simu Ijumaa, siku yake ya mapumziko. "Vipi huko?" "Niko poa, baba." Kazi? Poa. Chakula? Poa. Wenzako? Poa. Mimi nilipenda kusikia hivyo, na yeye alijua kwamba napenda. Ijumaa moja sauti yake ilikuwa nzito, maneno yanatoka kwa kuvutwa. Nikamwuliza ana nini. "Kichwa tu, baba. Ni hili joto." Nikamwambia anywe maji mengi, halafu nikaanza kumsimulia jinsi nyani walivyoingia kwenye mahindi ya mzee Mkude kule juu Bigwa. Nilimsimulia kwa kirefu, mpaka jinsi mzee alivyokimbia nao na ndoo. Deo alicheka mahali pa kucheka. Alinipa kicheko nilichokuwa nakitaka.

Mama yako alininyang'anya simu. "Deo, unaumwa?"

"Hapana mama, niko poa."

Simu ilipokatika aliendelea kuishika. "Huyu mtoto anaumwa," akasema.

"Ni mtu mzima," nikamjibu. "Angekuwa anaumwa angesema."

Baadaye wenzake aliokuwa akilala nao chumba kimoja walitueleza kwamba alikuwa akitapika, miguu imevimba mpaka viatu havimwingii, na hata wao alikuwa akiwaficha. Ilikuwa figo. Alidondoka kazini, akapelekwa hospitali, hakuamka tena. Sikuandikii haya ili unisaidie kuyabeba. Nimeshayazoea, kama mtu anavyozoea goti bovu, anajua ngazi ipi itamuuma.

Siku mwili unakuja, namba ya ndege ilitumwa kwenye simu yako. Mjomba Kosmas alikuwa ametangulia Dar kumpokea, maana kwa mila zetu ninyi ni watoto wa ukoo wa mama yenu na ile ilikuwa haki yake. Nyumba ilijaa watu. Wewe ulikaa chini karibu na kabati, kompyuta mapajani, hulii, husemi. Nilikuona ukilifungua lile dirisha la kwanza na kuanza kuondoa. Ukaondoa mipaka ya nchi. Ukaondoa majina ya miji. Ukaondoa ndege zote isipokuwa ile yenye namba uliyotumiwa. Ulipomaliza ulibaki weusi mtupu na ndege moja ikishuka kuelekea kwetu.

Mama yako akasema, "Lete."

Ukaiweka juu ya kigoda mbele yake. Wanawake waliokuwa wakiimba wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Mbali na pwani ya Somalia ile alama ikaganda. Haiendi. Mama yako akakugeukia, "Imesimama. Tekla, kwa nini imesimama?" Ukamwambia kule baharini hakuna mitambo inayoipokea, itaonekana tena, na ukamshika goti mpaka ilipoonekana tena. Hakuna aliyelia kwa sauti mpaka ilipotua. Kisha ukaandika jina la dirisha, "Kaka", ukalisevu. Sijui kwa nini ulilisevu. Labda mikono ilizoea.

Tukampeleka Mgeta, kwenye makaburi ya ukoo wa mama yako, juu ya yale mashamba ya kabichi. Ukungu ulikuwa mzito na waliobeba jeneza walikuwa wakiteleza kwenye udongo. Hayo unayajua. Baada ya matanga ulirudi chuoni ukatuachia kompyuta, ukasema wewe utatumia za maktaba.

Usiyoyajua yanaanzia hapo.

Alasiri moja nilitoka bustanini nikamkuta mama yako amelifungua dirisha la Kaka. Na ndani yake mlikuwa na ndege. Nilisimama mlangoni na ndoo mkononi nikidhani nimeanza kuona vitu. Ilinichukua muda kuelewa. Ulichuja kwa namba ya safari, na namba ya safari haibadiliki. Ndege ya leo na ya kesho na ya kesho kutwa zote zinapewa namba ileile. Kwa hiyo kila alasiri, kwenye ule weusi ulioutengeneza, ilitokea ndege moja juu na kushuka taratibu mpaka Dar.

Mama yako aliitazama kila siku. Aliacha kwenda kusali jumuiya. Alikuwa anapika mapema ili saa yake ikifika awe ameshakaa. Bando likiisha anakwenda mwenyewe dukani kununua jingine. Umeme ukikatika na betri ikiisha, anabaki amekaa mbele ya kioo kitupu.

Nilivumilia, halafu nikashindwa. Siku hiyo nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda, "Mama Deo, huyo si Deo."

Hakugeuka. "Najua si Deo. Unadhani nimechanganyikiwa?"

"Sasa unatazama nini?"

"Natazama watoto wa wenzangu wanavyofika."

Nilirudi bustanini nikamwagilia mchicha ambao mvua ilikuwa imeshaunyeshea.

Nilikuwa nimeishi na mwanamke huyu tangu tukiwa vijana, na nilidhani kazi yangu ni kumrudisha kwenye ukweli, kana kwamba ukweli alikuwa ameupoteza yeye. Yeye aliujua kuliko mimi. Alichokosa ni mtu wa kukaa kando yake kwenye kiti cha pili. Ningekuwa na akili ningekaa tangu siku ya kwanza, bila kumsahihisha.

Masika yakaingia. Ilikuwa mvua ile ya kwetu ambayo mlima wote unapotea, husikii kitu ila mabati. Nilikuwa chumbani natafuta koti. Nikasikia, "Baba Deo! Njoo! Njoo upesi!"

Alikuwa amesimama, mikono kichwani. Ndege ilikuwa imefika karibu kabisa na Dar, halafu ikageuka. Ilikuwa inazunguka juu ya bahari, duara, kisha duara jingine juu ya lile la kwanza.

"Inafanya nini? Kwa nini haishuki?"

Sikujua. Mimi najua mifereji na mbolea. Nilikaa kando yake, kwa mara ya kwanza tangu msiba, nikaanza kubofya huku na kule, mpaka nikaangukia kile kinacholeta mvua juu ya ramani. Ikatokea rangi ya kijani, ikatokea njano, na juu ya Dar yenyewe palikuwa pekundu.

"Mvua," nikasema. "Nadhani wanasubiri ipungue."

"Wana mafuta?"

"Huwa wanabeba ya akiba."

"Umejuaje?"

"Sijui, mama Deo. Nabahatisha."

Akanishika mkono wa shati, akaanza rozari. Nilimwitikia. Tulisali kwa ajili ya watu ambao hatuwajui hata jina, labda wengine Wahindi, wengine Waarabu, wengine vijana wa Kitanzania wanarudi na mabegi yao. Ndege ikazunguka tena. Halafu ikanyoosha kuelekea Zanzibar, ikashuka, namba za kimo zikapungua mpaka zikaisha. Imetua. Mama yako akalaza kichwa mezani akalia kilio ambacho hata Mgeta hakukilia. Pale Mgeta alikuwa amelia kama mtu anayetazamwa. Hapa alilia peke yake, na mimi nipo.

Alipomaliza alijifuta uso kwa kanga akasema, "Panua."

"Nipanue nini?"

"Hilo dirisha. Nataka kuona na nyingine, kama nazo zimetua."

Basi tukaanza kazi, wazee wawili na kompyuta yako. Niliondoa kichujio chako cha namba, ndege zikamwagika dunia nzima, akasema, "Hapana, si hivyo, zirudi za kwetu." Nikavuta ramani mpaka ikabaki Tanzania. Akataka majina ya miji yarudi, na Morogoro iwepo. Mwanzoni Morogoro ilikataa kuonekana, ikabidi nikuze ramani ndipo ikajitokeza. Akaangalia maandishi ya pembeni ya ndege. "Namba za nini hizi? Mimi nitajuaje? Andika inatoka wapi na inakwenda wapi." Nikatafuta, nikapata. Mwishowe akasema, "Na huu weusi utoe. Tumekaa nao vya kutosha." Nikaweka ramani ya kijani, yenye milima, na Uluguru ikaonekana imekunjamana kama nguo iliyotoka kukamuliwa.

Hapo ndipo nilipobofya pa kusevu. Programu ikaniuliza swali, nikajibu ndiyo bila kulisoma vizuri. Nilidhani natengeneza jipya. Nilipofungua orodha nilikuta "Kaka" ileile, lakini ndani yake mna ramani ya kijani na ndege zote za nchi hii. Nilikuwa nimeandika juu ya lile la kwako. Nilitafuta pa kulirudisha. Hapakuwepo. Na hata ningejaribu kulijenga upya, mikono iliyolitengeneza siku ile ni yako.

"Mama Deo," nikasema, "nimelifuta la Tekla. Limekwenda."

Mvua ilikuwa imepungua, na juu ya mawingu tukasikia mngurumo wa ndege ikipita upande wa mlimani. Akanyoosha kidole kwenye ramani. "Hiyo inayopita hapo juu ni ipi?"

Nikaisoma. Ilikuwa inatoka Dar inakwenda Songwe.

"Watu wa Mbeya hao," nikasema.

"Wafike salama," akasema, akaenda jikoni kuwasha moto. Wiki ile alirudi jumuiya.

Sitaki udhani alipona siku hiyo. Mwezi uliofuata alizikuta kandambili za Deo nyuma ya pipa la maji, na ikawa kama tumemzika jana. Ila kompyuta ilianza kukaa siku nzima bila kufunguliwa, na ikifunguliwa tunafungua wote wawili. Kuna jioni tulikuwa tukibishana kwa sauti kama ndege fulani ni ya Dodoma au ya Mwanza, na mama Zuhura alipita akatuambia tumekuwa watoto.

Halafu ukaja likizo. Ulikaa mezani, ukaifungua, uso wako ukabadilika.

"Nani amebadilisha dirisha la kaka?"

Mama yako alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Mimi."

Uliingia chumbani ukafunga mlango, na chakula cha jioni ulisema huna njaa. Mimi nilikaa kimya. Sasa ujue nilikuwa mimi. Mama yako alikuona unaumia akaona afadhali hasira iende kwake, maana kwake ingeisha haraka. Ulilolitengeneza siku ile lilikuwa sahihi kwa siku ile. Hatukuwa na nguvu ya kutazama ndege mbili. Nisamehe tu kwamba hukuagana nalo.

Mwaka huu ukakubaliwa kusomea ufamasia India. Ulikuja mbio kutoka getini umeshika simu juu, nami nikakukumbatia mpaka miwani ikaanguka. Kisha ukasoma njia ya safari kwa sauti, na tukasikia mahali utakapobadilisha ndege. Ni mji uleule wa Deo. Mama yako akainuka akasema maji yanachemka. Hayakuwa yakichemka.

Tangu hapo hasemi chochote juu ya safari hii. Anafua, anapiga pasi, anakaanga, hasemi. Juzi uliniuliza, "Baba, mama hataki niende?" nami nikakwepa nikakuambia amechoka. Nilimfuata jikoni nikamwuliza. Akasema, "Deo nilimwambia yote ambayo mama anamwambia mtoto. Huyu nimwambie nini kipya?" Hilo ndilo jibu nililolipata. Huyo mama yako hana hasira na wewe hata kidogo.

Leo asubuhi ulipokwenda kuaga kanisani alinisogezea kompyuta. "Mtengenezee Tekla."

Nikatengeneza. Nimeweka ramani kuanzia Dar mpaka India kusini, nimeweka ndege zako mbili kwa namba zake, nimeweka majina ya miji, nimeweka mvua kwa sababu aliitaka mvua iwepo. Nikamwuliza kama imekaa vizuri. Akauelekezea kidole uwanja wa pale utakapobadilishia ndege. "Huo ufute."

Nikajaribu. "Siwezi kuufuta mmoja. Nikiuondoa huo, viwanja vyote vinaondoka, na wa Dar, na wa huko anakokwenda."

Alifikiri. "Basi uache," akasema.

Nikamwuliza tulipe jina gani. Nilikuwa nimeshaanza kuandika jina lako. "Usiandike Tekla," akasema. "Andika Safari. Akishafika tulifute."

"Tulifute?"

"Akishatua litatuonyesha nini?"

Tekla, hilo ndilo jambo ambalo miaka yangu yote na taarifa zangu zote sikuwahi kulisema vizuri hivyo. Ile programu inajua mwendo wako, inajua kimo, inajua unaelekea wapi. Mlango wa ndege ukifunguliwa haijui tena kitu. Haijui kama umekula. Haijui kama chumba kina hewa, kama kuna mtu darasani anayekaa karibu na wewe, kama umelia. Kuanzia hapo ni sisi na simu, na mimi ni mtu mbovu wa simu. Najijua. Ukiwa na jambo zito nitahisi, nitaogopa, nitakimbilia habari za shamba. Ukiona nimeanza hivyo nikatize. Usiniogope, usinionee huruma. Sema, "Baba, nyamaza kwanza." Sitakasirika. Nimemwambia Deo hivyo mara nyingi kule Mgeta, na sasa nakuambia wewe ambaye unaweza kunijibu.

Na ukipita pale mjini, kati ya ndege moja na nyingine, si lazima ufanye chochote. Shangazi zako wamekuambia usali, ununue maji, usitoke nje. Mimi nasema ukitaka kulia kaa mahali ulie, na usipopata machozi usijilaumu. Huendi pale kwa niaba yetu.

Nilikuwa nimefika hapa mama yako akaingia na karanga kwenye ungo, akauweka mezani upoe.

"Unaandika nini muda wote huo?"

"Barua ya Tekla."

"Umemwambia nini?"

"Mengi."

Akakaa. Akaanza kuyatoa maganda kwa vidole, taratibu. Kisha akasema, "Mwandikie na yangu."

Nikashika kalamu. Yeye akaendelea na maganda.

"Mwandikie akishindwa arudi. Asijilazimishe kumaliza kwa ajili yetu. Arudi hata katikati ya mwaka, hata mikono mitupu, arudi tu."

Nikaandika. Nilipoinua kichwa alikuwa bado anatazama ungo.

"Deo alitaka kurudi," akasema. "Aliniambia. Ulikuwa umekwenda Dakawa siku hiyo. Alisema, mama, natamani kurudi nyumbani, lakini watu watanicheka. Nikamwambia, vumilia, mwanangu."

Hakuwahi kuniambia hilo, Tekla. Si siku ya msiba, si Mgeta, si siku ile ya mvua. Niliweka kalamu chini nikamshika mkono. Safari hii sikukimbilia habari za shamba. Tulikaa. Halafu akautoa mkono wake polepole akanirudishia kalamu.

"Andika," akasema. "Andika arudi."

Nimeandika. Sasa nasikia geti, na sauti yako unamwamkia mama Zuhura. Mama yako amesimama anakuja kukupokea mlangoni.

Baba yako